Kiti cha Mulinge Kwa Mberende

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule pale Kabati. Siku niliyoenda Sultan Hamud sikuwa natafuta mashetani. Nilikuwa napeleka sketi na mashati ya shule moja ya huko, kwa mwalimu mkuu aliyenisumbua kwa simu wiki nzima, na nilipofika hakuwepo, ameenda mazishi. Nikamwachia bawabu zile sare, bawabu akatia sahihi, kazi ikaisha. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, jua la kuchoma utosi, na mvua bado iko kwa redio tu.

Naanzia hapo kwa sababu kuna watu wa kanisa letu wananong'ona ati Kavata alipeleka ndugu yake kwa mganga. Kavata ni mimi. Sijapeleka mtu kwa mganga. Nilimpeleka ndugu yangu kula chakula cha mchana, saa saba, watu wakiona. Anayetaka kunong'ona aje aninong'oneze mimi mwenyewe, duka langu analijua.

Huyo ndugu yangu, aliyenipeleka siku hiyo kwa gari lake la Probox, anaitwa Mulinge. Nyumba yetu ilizaa wasichana wanne, halafu ndiyo yeye akaja, mvulana peke yake, kwa hivyo alipewa jina la babu, baba ya baba, kama mila inavyotaka. Babu alikufa mwaka wa sabini na moja, kabla hata mimi sijazaliwa. Kwetu Ukambani jina likirudi, ni mwenyewe amerudi, na watu hucheza na hilo jambo kila siku bila kulifikiria. Susu, yaani nyanya yetu, alimwita Mulinge mume wangu tangu akiwa kwenye nepi. Mulinge akiingia jikoni kwake, Susu anauliza, "Mzee, umerudi?" Mulinge anatoa kifua na kujibu, "Nimerudi, mama watoto. Chakula kiko wapi?" Susu anacheka mpaka anashika mbavu. Hata Mutanu, mke wa Mulinge, alikuwa anaitwa mke mwenza, na alipenda. Ni mchezo wa kawaida. Nenda boma lolote kutoka Tulia mpaka Kibwezi, utausikia.

Sasa hiyo hoteli. Iko upande wa reli ya zamani, nyumba ya mawe, mabati mekundu yaliyopauka, na kibao kilichoandikwa Brendel na Familia, Tangu 1927. Sisi husema Kwa Mberende. Brendel wa kwanza alizaliwa Ujerumani, akalelewa Amerika, akaja huku kuwachinjia watu wa reli nyama, akaoa msichana wa Mbooni, na tangu hapo hoteli haijatoka mikononi mwa hiyo familia. Wanauza soseji nene zilizokaushwa kwa moshi, kabichi iliyochachishwa, na bia kwa vikombe vikubwa vya udongo vyenye kifuniko. Vijana wa Nairobi hushuka hapo wakielekea Mombasa, wakapiga picha, wakaenda zao.

Babu yetu alikuwa mpishi pale. Yeye ndiye alikuwa anakausha zile soseji. Alifia pale pale, mchana, ameketi mezani, mkono bado uko kwa kikombe. Wakamleta Kabati kwa lori, akazikwa. Tangu hiyo siku Susu alikataza mtu yeyote wa boma letu kula Kwa Mberende. Hakusema kwa nini. Tulidhani ni uchungu wa mjane. Angesema tu. Mdomo anao. Hapo ndipo hasira yangu huanzia, na haishii hapo.

Kwa sababu Mulinge mwenyewe alikumbuka. Tulikuwa tumesimama kando ya Probox yake, nimemwambia nina njaa, na yeye akaangalia kile kibao akasema, "Susu atatuua."

"Susu yuko Kabati," nikamwambia. "Na mimi nina njaa hapa."

Maneno yangu hayo. Siwezi kuyasingizia mtu.

Ndani kulikuwa na baridi nzuri. Harufu ya moshi na mbao za zamani. Ukutani pembe za kongoni, bendera ya Amerika iliyofifia, sahani za Ujerumani zenye picha za milima, na picha ya yule Brendel mwenye masharubu, amesimama na kisu cha kuchinja kama mtu ameshika Biblia. Vijana watatu wa Nairobi walikuwa wanapigana picha na soseji zao. Mama mwenye hoteli alikuja mwenyewe. Anaitwa Kalunde, kitukuu wa Brendel, mwanamke wa rika langu, rangi ya chai ya maziwa, macho ya kijivu, na Kikamba safi kuliko changu. Alikuwa mpole. Hata leo sitasema hakuwa mpole.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Kabati," nikasema. Halafu nikajigamba. Ndivyo tulivyo, mtu wetu akiwa na jina la mtu tunalitangaza. Nikamgusa Mulinge bega nikasema, "Huyu unamwona hivi, ni Mulinge. Ni yule mzee wenu wa soseji. Amekuja kuona kama bado mnajua kazi."

Kalunde aliweka trei chini. Alimwangalia ndugu yangu kwa muda. Akapangusa mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Basi hii meza si yenu," akasema. "Mzee ana meza yake."

Pale pembeni, karibu na jiko la chuma, kuna meza ndefu ya mti mgumu wa mukau. Viti kumi na viwili, kila kimoja kimechongwa jina mgongoni. Kalunde akatueleza, kwa sauti ile wanayotumia kueleza watalii, kwamba ni desturi iliyotoka Ujerumani, ikaenda Amerika, ikafika huku. Wateja wa kudumu wana meza yao na hakuna mgeni anayekaa hapo. Siku ya Jumamosi wanakula pamoja saa saba. Mtu akifa, kiti kinangoja mwenye jina lake.

Nilidhani ni jambo zuri. Nilidhani Wajerumani na Wakamba wamekutana mahali.

Wanaume wanne walikuwa wameketi hapo. Si wazee. Mkubwa wao hajafika arubaini. Mmoja alikuwa na jezi ya mpira, mwingine visikizio vya simu vimening'inia shingoni. Lakini walikuwa wamekaa wima, kofia zimewekwa magotini, na hakuna aliyeangalia simu. Walikuwa wanazungumza juu ya treni ya saa saba. Mmoja alisema imechelewa. Treni ya abiria haijasimama hapo miaka mingi.

Kalunde akavuta kiti. Mgongoni kilikuwa kimeandikwa MULINGE. Akamwinamia ndugu yangu na kuuliza polepole, kwa Kikamba, "Mzee, umerudi?"

Na Mulinge, na mdomo wake, na ule mchezo wa jikoni kwa Susu, akatoa kifua. "Nimerudi," akasema. "Chakula kiko wapi?"

Wale wanne waliacha kutafuna.

Mimi nilicheka. Nilitoa hata simu nimpige picha nimtumie Mutanu. Mulinge alikaa. Alivuta pumzi ndani, ndefu. Sikuisikia ikitoka.

Sahani ililetwa bila kuagizwa. Ndugu yangu ni wa mkono wa kushoto, mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa mpaka akachoka, hakubadilika. Alichukua kisu kwa mkono wa kulia. Akakata soseji vipande vyembamba, vyote sawa. Akanusa kimoja. Akasema kwa wale wengine, "Kuni zilikuwa mbichi." Wakaitikia kwa vichwa.

Nikaacha kucheka. Nikainuka, nikaenda pale, nikasema, "Mulinge, twende." Aliniangalia vizuri tu. Kwa heshima, jinsi unavyomwangalia mwanamke usiyemjua aliyekuja mezani kwa wanaume.

"Mama," akasema, "unatafuta nani?"

Nilimvuta. Sikujali nani anaangalia. Nilimshika mkono nikamtoa nje na hakupinga, alifuata tu, akaaga wenzake kwa kuinua kofia ambayo hakuwa nayo. Kule nje alisimama kando ya Probox akazunguka mpaka mlango wa nyuma. Akangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akaniuliza dereva yuko wapi.

Gari ni lake. Analiendesha tangu amalize shule.

Mimi sijui kuendesha. Nilikodisha kijana wa steji ya matatu atupeleke. Njia nzima ndugu yangu aliketi nyuma, mikono magotini, akitazama nje. Tulipopita chini ya ile reli mpya, akainua kichwa na kuuliza ni nani ameipandisha reli juu. Kijana alikuwa ananiangalia kwa kioo, na mimi nilikuwa nakemea chini kwa chini, shindwe, shindwe.

Tulifika Kabati jua likiwa bado liko juu. Susu alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni anachagua mbaazi. Ana miaka tisini na miwili, na macho yake yanaona anachotaka. Mutanu alikimbia kumpokea mumewe. Mulinge alimpita, akamwambia, "Pole, mtoto wangu." Akaenda moja kwa moja kwa Susu, akavua viatu, akachuchumaa mbele yake. Akasema kitu, polepole, sikukisikia.

Susu hakucheka. Hakuuliza kama amerudi. Aliweka ungo chini, akainua mkono, akamzaba kofi. Lilisikika mpaka barabarani.

"Miaka hamsini na mitatu," akasema.

"Walinizuia," akajibu ndugu yangu. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na ilikuwa na kikohozi.

Susu akaanza kulia, halafu akamshika kichwa akakiegemeza kifuani, halafu, Mungu anisamehe, akaanza kucheka, kicheko cha msichana. Nilimchukia hiyo siku. Namwambia kila mtu ukweli, nilimchukia.

Tulimpeleka hospitali. Wakasema ni mzima, damu iko sawa, labda ni mawazo. Pasta akaja na wazee wa kanisa, wakamwekea mikono, wakaomba masaa mawili. Alisema amina kila mahali panapofaa, akawashukuru, akauliza kama mmishonari wa zamani bado yupo. Pasta alitoka akiwa amelowa jasho na hajarudi mpaka leo. Mutanu alivumilia siku tisa. Ya kumi alipakia nguo akarudi kwao Tulia, kwa sababu mume wake alikuwa anamwita mtoto wangu na kumwombea apate bwana mzuri.

Mimi ndiye nilibaki naye. Nilirudi nyumbani kwetu zamani, ndoa iliponishinda, kwa hivyo nyumba kubwa tunaishi mimi na Mulinge na mkewe, na Susu ana chumba chake kando ya jikoni. Sasa Susu alihamia ndani. Alikuwa anampikia. Mwanamke ambaye alikuwa hawezi kuinua sufuria alianza kusonga ugali. Jioni wanaketi nje wawili, wanaongea juu ya watu waliokufa.

Nikamuuliza waziwazi. "Susu, ulijua?"

"Nilijua wanangoja jina," akasema. "Nilikataza nikiwa na nguvu. Nikazeeka, nikachoka kukataza."

"Na Mulinge wetu?"

Alikuwa anapuliza uji wa mume wake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilishuka Sultan Hamud. Nilifika saa nne asubuhi, hoteli haina wateja, milango iko wazi. Kalunde alikuwa pale pembeni na kitambaa, anafuta vile viti. Anafuta taratibu. Kimoja kimoja. Anafuta mahali pa kichwa, pa mabega, anashuka mpaka mikononi, kama mtu anaosha mgonjwa.

"Ndugu yangu yuko wapi?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. Hilo nalo liliniudhi. "Amekaa," akasema.

"Wapi?"

Akagusa kile kiti.

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na mkoba wenye makasi ya kushonea na nilimshukuru Mungu nilikuwa nimeufunga zipu.

"Babu yangu aliwaapia hapa hapa," Kalunde akasema. Alikuwa ananong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Watu kumi na wawili. Alisema hii meza haitavunjika familia yetu ikiwa bado iko. Walikubali wenyewe. Babu yako alikubali."

"Mulinge alikubali?"

"Alisema amerudi. Sikumwekea maneno mdomoni."

"Wewe ulimuuliza."

"Wewe ulinitajia jina."

Mimi nikikamatwa na ukweli, hasira huzidi.

"Hawaumii," akasema. "Hawasikii njaa. Nawafuta vumbi kila asubuhi. Mama yangu alikuwa anawafuta, na mama yake. Usidhani nalala vizuri."

Nikaweka mkono kwa kiti kilichokuwa karibu nami. Kilikuwa baridi, mti tu. Nikagusa kingine. Baridi. Nikagusa cha tatu, mgongoni kimeandikwa NZUKI.

Kilikuwa na joto. Joto la mtu.

Nikavigusa vyote. Vitano vilikuwa na joto, hesabu ya Mulinge na wale wanne wa mezani. Cha Mulinge kilikuwa na joto kuliko vyote, na nilipoweka kiganja palipo jina, mbao ilikuwa inapanda na kushuka. Kidogo. Kama mtoto aliyelala.

Hapo nilipoteza akili. Nikashika kile kiti nikakiinua. Ni kizito, mukau si mchezo, lakini mimi nabeba mashine ya kushona. Kalunde akasimama mlangoni. Hakunishika.

"Kikitoka hapa sijui kitafanya nini," akasema. "Hakuna mtu amewahi."

"Toka hapo."

Akatoka. Nami ningeenda tu. Ningenyamaza, nikaenda. Lakini nilifika mlangoni nikageuka, nikaona vile vinne vya joto vimebaki, na nikawafikiria mama zao, na ile hasira ikapanda mpaka kichwani. Nikasema, "Na nyinyi wengine, kama mnasikia, inukeni. Nifuateni. Mmekaa vya kutosha."

Uso wa Kalunde ukabadilika. "Usiwaambie hivyo," akasema. "Hujui nani anasikia."

Nikarudia. Kwa sauti.

Nilirudisha kile kiti Kabati kwa pikapu ya mtu wa maembe. Nikakiweka sebuleni, mgongo ukutani. Yule mzee alikiona akasimama kidogo. Akakiinamia, akasema kwa upole, "Pole, kijana." Akaenda kulala. Analala kwa chumba cha Mulinge, kitanda cha Mulinge, ndani ya Mulinge.

Sakafu yetu ni ya simiti nyekundu, na mimi ndiye huipiga polishi. Asubuhi ya kwanza nilikuta alama mbili za viatu mbele ya kiti. Vumbi la Sultan Hamud, jeupe, si hili letu jekundu. Raba. Nikachukua tepu yangu ya kupimia nikapima. Inchi kumi na moja. Nikaleta raba ya Mulinge kutoka kwa rafu, nikaiweka juu. Ikaenea.

Nilikaa chini nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya pili alama zilikuwa hatua mbili mbele. Ya tatu, mbili nyingine. Zilikuwa zinaelekea kwa kile chumba. Kutoka kiti mpaka mlango ni hatua saba, nilizihesabu mimi mwenyewe nikitembea. Sikumwambia mtu.

Susu aliziona siku ile ya pili. Alisimama na fimbo yake akaziangalia. Mchana akamwita fundi wa milango akaweka komeo la chuma kwa ndani. Jioni akaingia na mume wake, nikasikia chuma kikigonga chuma.

"Utamfungia mjukuu wako nje?" nikamuuliza kesho yake.

"Wewe una wanaume wangapi umezika?" akasema. "Hakuna. Basi nyamaza."

"Ana mke, Susu. Ana miaka thelathini na minne."

"Na mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa."

Hatujawahi kugombana hivyo. Alinitukana kwa Kikamba cha zamani, mambo ambayo hata sijui maana yake. Mimi nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia nyanya yangu kwamba ni mwizi, na nikirudishwa siku ile nitamwambia tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa.

Jumamosi ilifika. Yule mzee aliamka, akaoga, akavaa koti, akasema ni siku ya chakula Sultan Hamud. Kalunde alikuwa amenipigia simu mara sita na sikushika. Mwisho akatuma ujumbe: *Leo mezani mzee mmoja hayupo. Na vile viti vinne vya joto vimepoa. Tafadhali nipigie.* Niliusoma haraka. Nilikuwa na hasira, sikutaka kujua mambo ya viti vyake. Nikaufuta.

Alama zilikuwa zimefika hatua ya sita.

Susu alimshawishi mzee asiende, akampikia kuku. Walipotoka kukaa nje, nikachukua bisibisi nikang'oa lile komeo. Skrubu nne. Nilipomaliza nikageuka, Susu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia komeo mkononi mwangu. Jioni aliingia chumbani, akarudisha mlango kwa mkono tu, polepole.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo niliamka kabla ya jua. Nilikuta mlango wa chumba uko wazi. Nikasikia mtu anatembea mle ndani, anagonga vitu, kama mtu asiyejua kitanda kiko wapi. Nikaita, "Mulinge."

Akatoka. Mwili ni wa ndugu yangu. Uso ni wake. Aliangalia kuta, akaangalia mikono yake pande zote mbili, akaniangalia mimi.

"Samahani, dada," akasema. "Hapa ni wapi?"

Sauti haikuwa ya mzee. Haikuwa ya Mulinge.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Nzuki," akasema. "Nilikuwa nimeketi. Nikasikia mtu anatuambia tuinuke." Akaanza kulia, kilio cha kijana mdogo. "Mama anajua niko wapi?"

Susu alikuwa amekaa kitandani nyuma yake, mikono mapajani, anaangalia ukuta. Mzee wake hayumo tena, amebaki peke yake.

Nikawasha taa ya sebuleni nikaangalia sakafu. Kulikuwa na alama za viatu vya ngozi, kubwa, zimetoka kwa kiti zikaingia moja kwa moja chumbani bila kupumzika. Nikazipima. Inchi kumi na mbili na nusu. Nyuma yazo kulikuwa na nyingine, na nyingine, na nyingine, zimejaa pale mbele ya kiti, zimekanyagana.

Zile raba za inchi kumi na moja ziko hatua ya sita. Haziko peke yazo. Kando yazo, kushoto na kulia, kuna viatu vya watu wengine, vimesogea karibu, vyote vinaangalia mlango. Na raba ya kushoto imeburutwa upande, mstari mrefu wa vumbi, jinsi mguu unavyoburutwa mtu akisukumwa.